Baridi Inasingiziwa

Kumezuka maneno yanayorudiwa kila panapozungumzwa maisha ya wenzetu waliohamia nchi za kaskazini. Husemwa kwamba adui yao mkubwa ni baridi. Husemwa kwamba mtu aliyezaliwa penye jua, akipelekwa kwenye theluji, hunyauka kama mche uliong'olewa, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya upweke wake, ya umaskini wake, na ya kubaki kwake chini miaka nenda miaka rudi. Maneno haya husemwa na wenyeji kwa sauti ya huruma. Sisi huku nyumbani huyasema kwa mshangao. Na wahamiaji wenyewe, kwa kuyasikia mno, wameanza kuyaamini.

Sisi tunasema kwamba maneno hayo ni hadaa. Baridi ipo, tena ni kali. Lakini baridi inasingiziwa. Imefanywa kichaka cha kuficha mambo ambayo hayakuletwa na Mungu wala na majira ya mwaka, bali yalitungwa na binadamu, yakaandikwa katika sheria na mikataba, yakatiwa sahihi na mihuri.

Tuchukue mfano mmoja tuuchunguze. Tutazame nyanda za magharibi ya Kanada, majimbo ya Manitoba na Alberta. Huko leo Kiswahili husikika katika mabasi na makanisani, kwa kuwa miongoni mwa waliohamia kuna Wakongo na Warundi waliotolewa katika kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki, zikiwemo kambi za mkoa wetu wa Kigoma kama Nyarugusu. Watu hao si wageni kwetu. Walipata hifadhi katika ardhi yetu, na wengine walizaliwa humo.

Mjini Winnipeg wastani wa Januari ni nyuzi 16 chini ya sifuri, na usiku si ajabu kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Upepo ukizidi, ngozi iliyoachwa wazi huweza kuganda kwa muda wa dakika 10 hadi 30. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama mnamo saa 10 unusu jioni, hata kibarua wa kiwandani huingia kazini gizani na kutoka gizani. Magari huchomekwa kwenye umeme usiku kucha ili injini zisigande. Mama mwenye watoto watatu huamka mapema zaidi kwa sababu ya kuwavika tu: soksi juu ya soksi, suruali juu ya suruali, kofia, glavu, skafu, viatu vizito, na akimaliza wa tatu, wa kwanza ameshataka kwenda msalani.

Hayo yote ni kweli. Lakini hebu tuulize: baridi hiyo ina dawa au haina? Ina dawa, na dawa yake yajulikana na kila mtu. Ni koti zuri, viatu vizuri, nyumba yenye joto, gari badala ya kusubiri kituoni, na chakula cha kutosha. Dawa hizo zote huuzwa dukani. Kwa hiyo anayeteswa na baridi ni yule asiye na fedha ya kuinunulia dawa yake. Basi swali la maana si kwa nini Winnipeg kuna baridi. Swali ni kwa nini mtu anayefanya kazi mchana na usiku, mahali penye utajiri kama huo, hana fedha ya kujikinga nayo.

Na anayedhani kwamba ni suala la mahali mtu alipozaliwa, na awatazame wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Mababu zao waliishi katika baridi hiyo maelfu ya miaka kabla hajaonekana Mzungu hata mmoja. Winnipeg ndiyo yenye wenyeji wa asili wengi kuliko mji mwingine wowote wa Kanada. Nao, ambao baridi ni ya kwao, wamo miongoni mwa maskini wa mji huo. Je, hao nao hawajaizoea theluji?

Uongo Wenye Umri Mrefu

Usingizio huu haukuanza jana. Mwaka 1910 Kanada ilitunga sheria ya uhamiaji iliyoipa serikali uwezo wa kuzuia jamii yoyote ya watu itakayoonekana haifai kwa tabia ya nchi au kwa mahitaji ya Kanada. Wakati huo wakulima weusi kutoka Oklahoma, Marekani, walikuwa wakihamia Alberta kukimbia sheria za ubaguzi za kwao. Agosti 12, 1911, serikali ya Waziri Mkuu Wilfrid Laurier ikapitisha amri ya kuwazuia watu weusi wasiingie nchini kwa muda wa mwaka mmoja. Sababu iliyoandikwa ilikuwa hiyo hiyo: ati watu weusi hawafai kwa tabia ya nchi na mahitaji ya Kanada.

Amri hiyo ilifutwa Oktoba mwaka huo huo kabla haijatumika. Lakini kazi yake ilifanywa kwa mlango wa nyuma. Mawakala walitumwa Oklahoma kuwakatisha watu tamaa kwa kuwaeleza ubaya wa nchi, na milango ikafungwa kimya kimya.

Sasa tuutazame ukweli. Miaka miwili tu kabla ya amri hiyo, mwaka 1909, Mmarekani mweusi Matthew Henson alikuwa amefuatana na Robert Peary katika msafara wa kuelekea Ncha ya Kaskazini, juu ya barafu ya bahari, kwa magari ya kukokotwa na mbwa. Huyo hakufaa kwa tabia ya nchi? Na wale wakulima wa Oklahoma waliowahi kuingia walikwenda kaskazini ya Edmonton, wakakata misitu kwa mikono yao, wakajenga kijiji cha Amber Valley, wakalima, wakazaa, wakalea, wakaunda hata timu ya mchezo wa besiboli iliyosifika. Baridi haikuwaua. Aliyekuwa hawataki ni jirani yao, naye alijificha nyuma ya kipimajoto.

Hata sheria ya mwaka 1952 bado ilitaja tabia ya nchi miongoni mwa sababu za kumkatalia mtu kuingia. Ubaguzi wa rangi ulianza kuondolewa katika kanuni mwaka 1962, na mwaka 1967 ukaja utaratibu wa kuhesabu alama za elimu, ujuzi na lugha. Baada ya hapo wakaja watu wa kila rangi, wakiwemo Waasia maelfu kadhaa waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, baadhi yao wakiwa wasemaji wa Kiswahili. Waliingia wakati majira ya baridi yanaanza. Hawakufa. Walipewa njia ya kufanya kazi na biashara, wakaishika.

Kwa hiyo historia imekwisha kutoa hukumu. Mtu wa joto akifunguliwa njia, huishinda baridi. Ni vizuri basi tuitazame njia yenyewe, tuone ni nani aliyeweka magogo.

Deni la Tiketi

Gogo la kwanza ni deni. Mkimbizi anayechukuliwa kambini akapelekwa Kanada hudhani kwamba amesaidiwa. Kumbe nauli ya ndege na gharama za kupimwa afya ni mkopo wa serikali, naye anatakiwa kuulipa. Mtu aliyekimbia vita bila viatu, akakaa kambini miaka kumi au ishirini akila kwa mgawo, anaanza maisha mapya akiwa mdaiwa. Familia ikiwa kubwa, deni nalo huwa kubwa. Na posho ya kuanzia maisha, ambayo kwa kawaida hutolewa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, hulingana takriban na ile wapewayo maskini wa jimbo.

Riba ya mikopo hiyo ilifutwa mwaka 2018. Hilo ni jema, na tunalikubali. Lakini linathibitisha kwamba kabla ya hapo serikali tajiri ilikuwa ikiwatoza wakimbizi riba! Aidha, Wasyria walioingia kati ya Novemba 2015 na mwisho wa Februari 2016 waliondolewa mzigo huo kabisa. Hatuwaonei kijicho Wasyria; walistahili. Tunauliza tu: Mkongo aliyesubiri Kigoma tangu miaka ya 1990 alikosa nini? Kilichowezekana kwa mmoja hakishindikani kwa mwingine. Waliotenda hivyo walionyesha wazi kwamba deni si lazima, ni uamuzi.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Naam, na wakimbizi wanalipa. Wanalipa kwa kuikubali kazi ya kwanza inayotokea badala ya kukaa darasani wakajifunza Kiingereza barabara. Wanalipa kwa kijana wa miaka 18 kuacha shule ili amsaidie baba. Hivyo mkopo wa nauli unageuka kuwa kamba ya kumvutia mtu kwenye vibarua vya chini, na huko chini ndiko anakokutana na gogo la pili.

Uzoefu Usiopatikana

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mhamiaji hakatai jembe. Analitafuta. Lakini katika nchi hizo mgeni huonyeshwa jembe kupitia dirishani, kisha huambiwa kwamba haruhusiwi kulishika mpaka athibitishe kuwa amewahi kulima shamba la hapo.

Ndiyo hadithi ya kile kinachoitwa uzoefu wa Kikanada. Muuguzi, mwalimu, fundi mitambo au mhasibu, aliyeitwa kwa kuhesabiwa alama za elimu yake, akifika huambiwa kwamba elimu hiyo haitambuliwi na kazi aliyoifanya kwao haihesabiki. Alete uzoefu wa Kanada. Ataupataje bila kazi? Na kazi ataipataje bila uzoefu? Basi mwalimu hulinda mlango wa duka usiku, na mhandisi huendesha teksi. Alama zile zile zilizotumika kumchagua kati ya maelfu hazina thamani tena siku anaposhuka uwanjani.

Hili si lalamiko la wahamiaji peke yao. Mwaka 2013 Tume ya Haki za Binadamu ya jimbo la Ontario ilitamka kwamba kudai uzoefu wa Kikanada, kwa jumla, ni ubaguzi. Mwaka 2021 jimbo hilo likatunga sheria ya kuuzuia katika taaluma kadhaa, na sheria nyingine ya mwaka 2024 ikakataza kuutaja katika matangazo ya kazi, kuanzia Januari 1, 2026. Sheria haitungwi kukataza jambo ambalo halipo. Wakubwa wenyewe wamekiri. Lakini mwalimu aliyelinda mlango kwa miaka 12 nani atamrudishia miaka yake?

Kisu cha Machinjioni

Na wale wasiolinda milango wako wapi? Wengi wako kwenye viwanda vya nyama. Katika miji midogo ya Alberta, kama Brooks na High River, ng'ombe kwa maelfu huchinjwa na kukatwakatwa kila siku na mikono ya watu kutoka Ufilipino, Sudan, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Kazi ni ya kusimama kutwa nzima katika chumba cha ubaridi, kisu mkononi, mnyororo wa nyama ukipita bila kungoja. Zingatieni, ndugu wasomaji: baridi ya humo si ya Januari. Ni baridi ya mashine, iliyowashwa na mwajiri, kiangazi na kipupwe.

Aprili 2020 ugonjwa wa korona uliingia katika kiwanda cha High River. Kati ya wafanyakazi wapatao 2,000, zaidi ya 900 waliambukizwa. Wafanyakazi wawili walikufa, na mzee baba wa mfanyakazi mwingine akafa pia. Kiwanda kilifungwa muda wa wiki mbili tu. Na zilisikika sauti zikiwanyoshea kidole wafanyakazi wenyewe, ati wanaishi wengi katika nyumba moja na kupanda wengi katika gari moja. Walisahau kuuliza kwa nini watu wanaolisha nchi nzima nyama hawana uwezo wa kupanga nyumba wala kununua gari la peke yao. Ni usingizio ule ule: mwaka 1911 lawama iliwekwa juu ya hewa, mwaka 2020 ikawekwa juu ya desturi za wageni. Mfumo wa kazi haukuguswa.

Lipo pia kundi lililofungwa zaidi, la wenye vibali vya muda vinavyomtaja mwajiri mmoja tu. Mwenye kibali hicho hawezi kuondoka hivi hivi akatafute kazi jirani. Akifukuzwa, hupoteza kazi pamoja na haki ya kufanya kazi. Mwaka 2023 mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza utumwa wa kisasa, Tomoya Obokata, alizuru Kanada na kueleza kwamba mpango huo ni mazalio ya utumwa wa namna hiyo. Sisi tuliozaliwa katika mwambao uliopitishwa misafara ya watumwa hatuhitaji kufundishwa maana ya mtu asiyeweza kumwacha bwana wake.

Theluji ya Mpakani

Wapo, hata hivyo, waliokatwa vidole na baridi yenyewe, na baadhi waliouawa nayo. Tuwatazame hao pia, maana ndipo usingizio unapoanguka kabisa.

Desemba 2016 Waghana wawili walivuka mpaka kwa miguu kutoka Marekani kuingia Manitoba karibu na Emerson, usiku, kupitia mashamba yaliyojaa theluji hadi kiunoni. Walipoteza karibu vidole vyote vya mikono. Kwa nini hawakupita barabarani, palipo na kituo? Kwa sababu mkataba kati ya nchi hizo mbili, ulioanza kutumika mwaka 2004, uliamuru kwamba anayeomba hifadhi kwenye kituo cha mpakani arudishwe alikotoka. Lakini aliyevukia porini aliweza kusikilizwa. Mkataba ndio uliowatoa barabarani ukawatupa mashambani. Theluji iliwakuta huko. Na Machi 2023 mkataba huo ulipanuliwa ukaenea mpaka wote.

Januari 2022, sehemu hizo hizo, familia moja ya Wahindi ya watu wanne, baba, mama, binti wa miaka 11 na mtoto mdogo wa miaka mitatu, walikutwa wameganda na kufa hatua chache kutoka mpakani. Wao walikuwa wakielekea Marekani, wakiwa wamelipa watu wafanyao biashara ya kuvusha binadamu. Watu hao waliwasukuma usiku katika dhoruba kama mzigo wa magendo. Je, tuseme baridi ndiyo muuaji? Ikiwa ndivyo, basi aliyesukumwa majini na kuzama ameuawa na maji, na aliyemsukuma aende zake salama!

Kisingizio Chetu Wenyewe

Wapo watakaotuuliza: kama mambo ni hayo, mbona watu wanaendelea kwenda? Tena watatukumbusha kwamba mhamiaji huko hutibiwa, watoto wake husoma, na mkazi wa kudumu akitimiza siku 1,095 katika miaka mitano anaweza kuomba uraia. Hatukatai. Hayo ni mema, na ni nchi chache zinazoyatoa. Lakini mtu hatakiwi kunyamaza juu ya kisu kwa kuwa amepewa kiti. Anayekwenda kukimbia risasi za Kivu hakuchagua kati ya raha na raha. Naye akishalipa kodi, akashika sepetu akaondoa theluji mbele ya mlango wake kama jirani yake, ana haki ile ile ya kusema iliyo ya jirani yake.

Na huku nyumbani tusijifanye hatumo. Wapo mawakala wa safari katika miji yetu wanaouza ndoto kwa bei ya shamba la mzee. Humwonyesha kijana picha ya majengo na theluji nyeupe, wasimwonyeshe mkopo, wala kibali cha mwajiri mmoja, wala cheti kitakachokataliwa. Hao ni ndugu wa wale walioisukuma familia ile katika dhoruba. Pia wapo ndugu na jamaa wanaopiga simu kila mwisho wa mwezi. Mmoja anadai bati, mwingine harusi, mwingine pikipiki, wakiamini kwamba aliye kaskazini anaokota fedha. Wakiambiwa hana, hununa. Naye kwa aibu hukopa, au hushika zamu ya pili, kisha hutuma picha aliyopiga mbele ya gari la mwenziwe, na picha hiyo inamvuta mdogo wake naye auze shamba. Hivyo uongo wa huku na uongo wa kule hukutana na kulishana.

La Kufanya

Wahamiaji wenyewe wametuonyesha njia. Mwaka 1917, mjini Winnipeg humo humo, watumishi weusi wa mabehewa ya kulala ya reli waliunda chama chao, kwa kuwa chama kikubwa cha wafanyakazi wa reli kiliwakataa weusi. Wenzao walilazimika kuwafungulia mlango miaka miwili baadaye. Mwaka 2005 wafanyakazi wa machinjio ya Brooks, wengi wao wahamiaji wakiwemo watu wa Sudan, waligoma kwa muda wa wiki tatu, wakapata mkataba wao wa kwanza. Hawakungoja majira ya joto. Walisimama nje, penye upepo, wakashikana.

Basi madai yawekwe mezani bila kumung'unya maneno. Mkopo wa nauli ya mkimbizi ufutwe kwa wote, kama ulivyofutwa kwa baadhi. Vyeti vipimwe kabla mtu hajasafiri, na aliyeitwa kwa ajili ya ujuzi wake apewe kazi ya ujuzi wake. Kibali kinachomtaja mwajiri mmoja kikomeshwe, ili mfanyakazi awe na miguu ya kuondokea. Anayeomba hifadhi asikilizwe mlangoni, mchana, barabarani, asilazimishwe kupita porini. Na sisi huku tuwafichue mawakala walaghai, tuwaambie vijana ukweli wote, na tumpunguzie ndugu yetu orodha ya madai.

Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji jua lisogee karibu na Winnipeg. Yote yanahitaji kalamu, nazo kalamu zipo mikononi mwa watu wanaofahamika. Hao ndio waulizwe, wala isiulizwe baridi.